Mama Kanda Anajibu: Panki, geto la Malimbe na ujana uliokwenda

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache kanda ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, niliyokuwa nikiwarekodia wateja kwenye kibanda changu cha Makoroboi hapa Mwanza miaka ya tisini. Niliisifia panki, hiyo roki ya magitaa, fupi na ya kasi, nikasema nayo inajua kukumbuka. Barua zimekuja kuanzia Igoma mpaka Bwiru, na moja ya mzee aliyekasirika kutoka Ukerewe. Nyingine nimezifupisha. Ya kwanza nimeiacha nzima, mtaona kwa nini.

*Shikamoo Mama Kanda. Mimi ni mhasibu, nina miaka 42, naishi Nyakato na mke wangu na watoto watatu. Kuanzia 2003 hadi 2006 nilisoma chuo pale Malimbe. Tulipanga chumba wanne, vitanda viwili vya kupandana na kompyuta moja ya mezani ya mwenzetu aliyetoka Arusha. Kwenye Winamp yake, ile programu ya kupigia muziki, kulikuwa na Blink-182 na Green Day, bendi za panki za Marekani, kuanzia albamu ya kwanza, maana kaka yake aliyekuwa Marekani alimtumia sidii. Sisi wengine tulikuja na bongo fleva, lakini muhula wa pili ulitukuta tunapiga kelele na zile za kizungu bila kujua nusu ya maneno. Juzi niko kwenye foleni Buzuruga, binti yangu akaunganisha simu na redio ya gari, ukalia "What's My Age Again?". Mama, machozi yalinitoka. Mke wangu kacheka mpaka nyumbani, anasema mwanaume mzima unalilia nyimbo za watoto wa shule. Je, huu ni ugonjwa? Na kwa nini wimbo wa furaha unilize? Sina shida yoyote nyumbani, namshukuru Mungu.*
*Baba T., Nyakato*

Marahaba, mwanangu. Ugonjwa huna. Mama T. mwache acheke, ila siku ukipigwa wimbo mlioingia nao ukumbini kwenye harusi yenu, wahi kumwangalia usoni kabla hajakuangalia wewe.

Tuanze na wimbo wenyewe, maana umeuita wa furaha. Ulitoka 1999. Anayeimba, Mark Hoppus, ni mzaliwa wa 1972, kwa hiyo alikuwa na miaka 27 akiigiza kijana wa miaka 23 anayefanya vituko vya mtoto wa sekondari hadi mpenzi wake anamkimbia. Miaka miwili kabla ya hapo bendi hiyohiyo ilitoa "Dammit", wimbo wa mtu aliyeachwa na anayejipanga jinsi atakavyomwona mpenzi wake wa zamani yuko na mwingine, na kiitikio kinaishia kwa kukubali, shingo upande, kwamba basi huku ndiko kukua. Hao si watoto wanaoimba utoto. Wameshatoka nje ya nyumba, wanachungulia dirishani. Wewe pale Malimbe ulikuwa na miaka ishirini, ukasikia utani tu na gitaa linalokimbia, kwa sababu hukuwa na kitu cha kuaga. Sasa unacho. Wimbo haujabadilika hata noti moja.

Wala si Blink-182 peke yao. Panki ilijitangaza kama muziki uliokuja kuchoma vya zamani, lakini angalia jinsi ilivyowahi kukumbuka. Albamu ya kwanza ya Ramones ni ya 1976, na ndani yake tayari kuna "Let's Dance", wimbo uliovuma 1962 walipokuwa wadogo. Ilipofika 1980 wakatoa "Do You Remember Rock 'n' Roll Radio?", wanaililia redio ya utotoni mwao, na hao ndio waliosemekana kuua muziki wa zamani! Hawajafika hata miaka kumi kazini. Tangu siku hiyo kila kizazi cha panki kina wimbo wake wa kuulizia ujana umekwenda wapi. Wanasaikolojia nao wanasema hivyo hivyo kwa lugha yao: mtu mzima ukimwambia ataje mambo anayoyakumbuka maishani, fungu kubwa hutoka katika ujana, takriban kati ya miaka 10 na 30, na nyimbo za umri huo ndizo zinazong'ang'ania. Kwa hiyo kilichokupata pale Buzuruga kinampata mpenzi wa Msondo, kinampata mwanakwaya, kinampata kila mtu.

Sasa tuje kwenye ujana wenyewe, ule usio na shida. Usinichekeshe. Nawajua wanafunzi wa Malimbe, wamekuja kwangu kurekodi nyimbo kwa mkopo. Bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, likichelewa mnakula dagaa na ugali wa kuchangia unga. Mtihani umekaa vibaya, mnangoja kujua nani anasapu, arudie mtihani, na nani anadisko, aondolewe chuo. Mwaka wako wa mwisho, 2006, ndio mwaka wa mgao wa umeme, kwa hiyo hata hiyo Winamp mliisikiliza kwa saa za kuvizia. Nikipanga shida zako za wakati ule na za leo kwenye mizani, sina hakika kama za leo ni nzito zaidi. Tofauti ni kwamba zile mlizibeba wanne. Bumu lilichelewa kwenu wote. Umeme ulikatika kwenu wote, mkakaa gizani mnaimba wenyewe. Ada ya shule ya binti yako unaiwaza peke yako saa nane za usiku, na hata mama T. humwamshi.

Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta kitu kimoja. Umenitajia vitanda, kompyuta, Winamp, sidii, foleni ya Buzuruga. Wenzako watatu umewapa mstari mmoja, na huyo wa Arusha ameingia kwa sababu ya kompyuta yake. Wako wapi?

Sikuulizi kwa ubaya. Blink-182 wenyewe waliparaganyika 2005. Mwaka 2008 mpiga ngoma wao, Travis Barker, akanusurika katika ajali ya ndege iliyoua watu wanne, ndipo wakaanza kuongea tena na kurudi pamoja mwaka uliofuata. Mpiga gitaa Tom DeLonge akaondoka tena 2015. Mwaka 2021 Hoppus akatangaza ana saratani, na DeLonge akarudi kundini 2022, wakati Hoppus ameshapona. Albamu yao ya 2023 ina wimbo, "One More Time", unaouliza bila kuficha kama ni lazima mtu augue au ndege ianguke ndipo marafiki watafutane. Watu wazima wa takriban miaka hamsini wanaimba hivyo. Huo ndio ungekuliza kihalali.

Kwa hiyo nakutuma kazi. Mpigie huyo wa Arusha. Mpigie, usimtumie ujumbe. Na tafadhali usifungue grupu la WhatsApp la "Wana Geto 2006", maana nayajua hayo: wiki ya kwanza picha za zamani, wiki ya pili salamu za asubuhi zenye maua, wiki ya tatu mchango wa harusi ya mtu usiyemjua. Tafuteni siku, hata iwe Desemba, mkutane wote wanne hapa Mwanza. Sato wa kukaanga, meza inayotazama ziwa, na mama T. awepo. Atacheka tena, lakini safari hii atakuwa anamcheka kijana ambaye hakupata kumjua.

*Shikamoo bibi. Mimi ni binti wa miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, niko Bwiru nasubiri chuo. Nilisikiliza hizo panki ulizoandika. Swali langu: hawa wazungu wana hasira ya nini wakati wana kila kitu? Na kama wana hasira, mbona nyimbo nyingi ni za kuzurura, wasichana na kukosa cha kufanya?*

Marahaba mjukuu wangu. Umeuliza maswali mawili yaliyoshikana mkono.

Hilo la kuwa na kila kitu, tuliangalie vizuri. Mwaka 1975 jiji la New York lilikuwa karibu kufilisika. Mwaka 1976 serikali ya Uingereza, hiyo tuliyozoea kuiona upande wa wakopeshaji, ilikwenda kuomba mkopo IMF, na wasio na kazi nchini humo walikuwa wamevuka milioni moja. Kijana aliyemaliza shule London mwaka huo alikaa kibarazani kama kijana wa Mabatini anavyokaa leo. Redio nayo ilimpigia nini? Bendi kubwa zenye vyombo vya gharama, wimbo mmoja robo saa, mpiga gitaa anaonyesha ufundi ambao wewe ungehitaji miaka kumi kuupata. Panki ikasema: hatuna miaka kumi. Ramones, vijana wa Forest Hills katika wilaya ya Queens ya hukohuko New York, walianza 1974 na wote wakajipa jina moja la ukoo kama ndugu, ingawa hawakuwa na undugu wowote. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa takriban wiki moja na dola kama 6,400, pesa ya mchezo kwa tasnia ya kule. Manchester, Buzzcocks waliazima kwa ndugu na marafiki wakatoa santuri yao wenyewe Januari 1977, na mmoja wa nyimbo zake unahusu kuchoshwa na maisha na kukosa la kufanya. Kuchoka huko ndiko wazee wao wa leo wanakokukumbuka kwa machozi. Maajabu haya sijayazoea bado.

Swali la pili nakujibu kwa mfano mmoja. Mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, 1978: wanajeshi mitaani, mabomu, vizuizi barabarani. Vijana watano wa hapo, The Undertones, wanatoa "Teenage Kicks", na wimbo hauna bomu hata moja. Kijana anamtamani msichana wa jirani, basi. Mtangazaji John Peel wa BBC aliupenda hadi akaupiga mara mbili mfululizo hewani, na alipofariki 2004, maneno kutoka wimbo huo ndiyo yaliyochongwa kwenye jiwe la kaburi lake. Watu waliwauliza wale vijana mbona hamwimbi vita. Mimi naona kuimba msichana wa jirani wakati dunia inakutaka uimbe vita ni ukaidi wa hali ya juu. Ule uzururaji unaousikia kwenye nyimbo ndio hasira yenyewe.

Na kabla hujahitimisha kwamba ni mambo ya wazungu tu: klabu ya Roxy ya London, iliyokuwa kitovu cha panki mwanzoni mwa 1977, ilipigiwa muziki na Don Letts, mtoto wa Wajamaika. Santuri za panki zilikuwa chache mno, kwa hiyo usiku kucha akawapigia rege, nao wakaipenda. Bob Marley huyuhuyu wa kwenye bodaboda zetu akajibu mwaka uleule kwa "Punky Reggae Party". Kule Washington, Bad Brains, bendi ya panki ya kasi kuliko karibu zote za wakati wake, ni Wamarekani weusi walioichanganya na rege ya Kirasta. Anzia hapo mjukuu wangu, utafika mbali kabla chuo hakijafunguliwa.

*Mama Kanda, salamu. Nina miaka 71 na nimesoma gazeti hili tangu linaanza. Sikutegemea ukurasa wako usifie kelele. Ujana wetu ulikuwa na muziki: Maquis, Mlimani Park, Vijana Jazz. Mtu unavaa, unanyoosha suruali, unakwenda dansini. Hao wako wanapiga kila wimbo dakika mbili. Dakika mbili hata mwenzi hujamfikia mezani kwake!*
*Mzee wa Nansio, Ukerewe*

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye mwenzi wa mezani umenishinda, nakiri.

Lakini nisikilize, maana hizo Maquis na Ramones nimezilaza kitanda kimoja kwa mikono yangu. Kanda ya Ramones ililetwa kibandani kwangu na mwalimu wa kujitolea, Mwingereza, aliyekuwa anafundisha sekondari upande wa Sengerema na kuvuka na kivuko cha Kamanga kila mwisho wa mwezi. Alitaka nakala kwa ajili ya wanafunzi wake. Kanda tupu tuliyouza sana ilikuwa ya dakika 60, yaani nusu saa kila upande. Albamu ile ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa, inaingia upande A wote na utepe kidogo unabaki. Kurekodi kwa kasi sikupenda kwa sababu kunaua sauti nyembamba za juu, kwa hiyo niliketi nusu saa nzima nikisikiliza, nanyoosha utepe uliojikunja kwa kalamu ya Bic, kisha navunja vile vijino vya juu ili mtoto asije akaifuta kwa bahati mbaya. Upande B ulikuwa mtupu. Wanafunzi wenyewe ndio walioniomba: mama, huko tuwekee Maquis. Nikawawekea. Nyimbo tatu, upande umejaa.

Sasa, mzee, unajua wimbo wa dansi unavyokwenda. Unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia, anamlalamikia mpenzi, anawataja wafadhili, halafu gitaa la solo linabadilika, ngoma zinapanda, linakuja chemko, na hapo ndipo hata aliyekuwa bafuni anarudi mbio. Siku ile ndipo niliposikia Ramones walichofanya. Wameikata sehemu ya kwanza yote. Wanahesabu moja mbili tatu nne, kwa sauti ya mtu anayegombana, na wimbo unaanzia kwenye chemko, unaishia kwenye chemko. Hawakuwa na subira ya kunyoosha suruali. Wewe ulikuwa na Jumamosi nzima ya kujiandaa, wao walikuwa na dakika mbili. Sikulazimishi uipende. Nakuomba tu siku mjukuu wako akiipiga, usubiri ile hesabu ya mwanzo, kisha uniambie kama mguu haukutingishika.

Wale wanafunzi wa Sengerema leo ni watu wa miaka hamsini na kitu. Kwa jinsi nilivyowatengenezea kanda, naamini kuna mtu huko akisikia Maquis moyo wake unangoja Ramones waanze upande wa pili.

*Mama Kanda, kuna ubishi hapa kijiweni Pasiansi, soda kreti moja. Freddie Mercury wa Zanzibar alikuwa panki au hakuwa?*

Hakuwa. Alizaliwa Unguja 1946, na bendi yake Queen ilikuwa aina ileile ya muziki mkubwa wa madoido ambao panki ilikuja kuupinga. Lakini aliyesema ndiyo mpeni walau chupa mbili, kwa sababu hii: tarehe 1 Desemba 1976 Queen walitakiwa kwenda kwenye kipindi cha televisheni cha jioni London, wakajiondoa. Kampuni yao ya santuri ikapeleka bendi yake nyingine kuziba pengo, na bendi hiyo ni Sex Pistols. Wakamtukana mtangazaji Bill Grundy matusi ya nguoni moja kwa moja hewani, saa ambayo familia ziko mezani, na kesho yake Uingereza nzima ilijua panki ni nini. Mtoto wa Unguja amewafungulia mlango bila hata kufika kwenye kipindi.

*Mama, mwanangu wa kidato cha tatu amenyoa kiduku, amechana suruali magotini makusudi na amejichomeka pini kwenye shati. Anasema ni panki. Mimi nasema ni uhuni. Baba yake anataka kumchapa. Tufanye nini?*
*Mzazi, Igoma*

Fimbo iwekeni kwanza. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vilipigwa marufuku kuanzia Januari 1969, na pale Dar es Salaam wasichana walivutwa mitaani kwa ajili ya urefu wa sketi. Wasichana wale leo ni bibi zetu. Ni wenye heshima zao, wanaongoza jumuiya na vikoba, na mmoja wao huenda ni mama mkwe wako. Muulize kwa adabu sketi yake ilifika wapi.

Pini na nguo zilizochanika zilianza kwa vijana wa New York kama Richard Hell, ambao shati likichanika walilivaa hivyohivyo, na London ikaiga ikafanya biashara. Mwambie mwanao hiyo hadithi. Mwambie pia kwamba shule ina sheria zake, kwa hiyo kiduku ni cha likizo na muhula ukifunguliwa kinyozi anasawazisha. Nywele zinaota. Na suruali, akichana ya pili ashone mwenyewe kwa mkono wake, sindano unayo. Jambo moja tu lichunguze kwa makini: ana wenzake, au anakaa na hiyo simu chumbani peke yake? Kama wako watatu wanne wanaopigana vikumbo na kucheka barazani, mama, tulia, ndio umri wenyewe. Kama yuko peke yake, hapo kiduku si tatizo lako, na baba yake aache fimbo akae naye.

*Mambo Mama Kanda, shikamoo lakini! Sisi ni wana watatu wa Kirumba, tuna miaka 18 na 19. Tuna gitaa moja la umeme, la kwaya, na ndoo mbili za plastiki. Tunataka kupiga panki ya Kiswahili. Tumeandika wimbo wa kwanza kuhusu kuikumbuka shule ya msingi, maana umesema panki ni kukumbuka. Inawezekana? Tuanzie wapi?*

Marahaba wanangu, poa.

Inawezekana sana. Johnny Ramone alinunua gitaa lake kwa takriban dola 50, na mtindo uliomtambulisha ni mmoja: mkono wa kulia unashuka, unashuka, unashuka, bila kupanda, kwa kasi, wimbo mzima. Jaribuni dakika mbili tu, kiganja kitawaka moto. Jifunzeni kodi za A, D na E, nyimbo nyingi za panki hazihitaji zaidi ya hizo tatu. Ndoo zinatosha kabisa kuanzia. Mchiriku wa Dar es Salaam ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio na spika za kubahatisha, na Jagwa Music wakafika nao Ulaya. Singeli imezaliwa kwenye studio za vyumbani huko uswahilini, inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, kasi ambayo Ramones wangeomba maji. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati, dunia ikashangaa. Hao hawakusubiri kununuliwa vyombo. Na Nairobi kuna Crystal Axis, bendi ya panki ya vijana wa Kiafrika wanaoimba mambo ya kwao, watafuteni msikie jirani kafika wapi.

Wimbo wa shule ya msingi uwekeni kabatini. Sikusema mkumbuke. Mna miaka 18, wote watatu mnakaa mtaa mmoja, na hamna anayewadai kitu isipokuwa mwalimu wa kwaya. Imbeni leo. Imbeni harufu ya dagaa pale Mwaloni saa sita mchana, hiace iliyojaa mpaka konda ananing'inia, msichana anayeuza vocha ambaye nina hakika mmoja wenu anampenda. Andikeni majina ya vichochoro vyenu jinsi mnavyoyaita nyie. Rekodini kwa simu, hata kama jogoo anawika katikati, msimtoe. Kisha wimbo mmoja usizidi dakika mbili na nusu, mzee wangu wa Nansio anasoma ukurasa huu.

Na gitaa la kwaya lirudisheni Jumamosi kabla ya mazoezi, likiwa na nyuzi zote sita.